Kufuga chakula hai cha samaki wa mapambo: chakula kwanza, mayai baadaye

Vifaranga wangu wa kwanza wa notho waliishi siku nne. Nililowesha mayai Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi beseni lilikuwa na vifaranga zaidi ya thelathini, kila mmoja kama kipande cha uzi chenye macho. Ndipo nilipoanza kufikiria watakula nini. Nilisaga chakula cha dukani kwa vidole mpaka kikawa vumbi, nikawanyunyizia. Vumbi halichezi majini, nao hawakuligusa. Lilizama, likaoza, na waliokuwa bado na nguvu wakauawa na maji machafu kabla njaa haijawamaliza. Jumatano nilikuwa naosha beseni tupu.

Kwa asiyewajua, notho ni samaki wa kwetu. Jina lao kamili ni Nothobranchius, wakazi wa madimbwi ya msimu ya Afrika Mashariki na Kusini, na mmoja wao, Nothobranchius guentheri, asili yake ni kisiwa cha Unguja. Dimbwi likikauka wakubwa wote hufa, mayai hubaki matopeni yakisubiri mvua. Mvua ikinyesha, kifaranga hutoka ndani ya saa chache na huanza kuwinda siku hiyo hiyo, kwa sababu dimbwi halimsubiri: ndani ya wiki chache tu anatakiwa awe amekomaa na ametaga. Samaki wa namna hii huwezi kumwambia angoje wiki nzima wakati wewe unatafuta mbegu ya chakula, yaani vijidudu hai vichache vya kuanzishia ufugaji.

Tangu hapo sigusi mayai mpaka chakula kiwe kinaogelea. Hilo linamhusu mfugaji wa gapi, wa beta, wa malaika na wa notho vilevile. Nimeandika mwongozo huu kwa mazingira ya Dar es Salaam ninakoishi, ambako joto la chumba ni nyuzi 28 hadi 32 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Maelekezo mengi ya nje yameandikwa kwa nchi za baridi, na kuyafuata neno kwa neno huku pwani kunaua makopo mengi ya mbegu. Aliye Lushoto, Mbeya au Limuru nitamtaja panapomhusu.

Pima mdomo kwanza

Chakula kisizidi ukubwa wa jicho la samaki. Kipimo hicho hakijawahi kuniangusha, na unaweza kukitumia bila kifaa chochote.

Vifaranga wa beta na gorami wana midomo midogo sana, kwa hiyo siku tatu hadi tano za mwanzo wanahitaji vijidudu visivyoonekana vizuri kwa macho, au minyoo ya siki, ile midogo inayoishi ndani ya siki. Gapi, moli na notho huzaliwa au hutotolewa wakiwa wakubwa kiasi cha kumeza Artemia (kamba mdogo wa maji ya chumvi) aliyetoka kwenye yai, ambaye ana urefu wa karibu nusu milimita. Malaika pia humweza mara wanapoanza kuogelea wenyewe. Baada ya wiki mbili tatu unaingia kwa Moina, aina ya kiroboto wa maji, na samaki wakubwa unawapa minyoo ya grindal, viluwiluwi vya mbu na vipande vya nyungunyungu.

Sio lazima ufuge vyote. Anayefuga gapi tu, Artemia na Moina vinamtosha.

Maji, vyombo na dawa ya mbu

Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi kwa saa 24 au zaidi, ukiweza yapulizie hewa, ndipo uyatumie. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi. Yakiwa na ladha ya chumvi ulimini usiyatumie kwa Moina. Maji yanayotoka kwenye tangi la samaki wenye afya, yale unayomwaga kila wiki, ndiyo bora kuliko yote kwa kuanzishia ndoo ya chakula. Hayana klorini na tayari yana uhai ndani yake.

Vyombo viwe vya plastiki au kioo. Shaba na risasi ni sumu kwa Moina hata kwa kiasi kidogo sana. Ndoo iliyowahi kuwekwa dawa ya shamba, sabuni au rangi usiitumie, hata ukiisugua siku nzima.

Kuna adui mwingine ambaye watu hawamfikirii: dawa ya mbu ya kupuliza. Dawa nyingi za namna hiyo zimetengenezwa kuua wadudu, na Moina na Artemia ni jamaa wa karibu wa wadudu. Chumba chenye ndoo za chakula kisipuliziwe kabisa. Nyumba yenu ikipuliza kila jioni, hamishia ndoo kibarazani na uzifunike kwa chandarua kisicho na dawa. Neno hilo, kisicho na dawa, ni la muhimu, kwa sababu vyandarua vingi vinavyogawiwa vimetiwa dawa.

Vijidudu vya majani ya mkungu

Hiki ndicho chakula rahisi kuliko vyote, na malighafi yake iko chini ya miti. Okota jani moja la mti wa mkungu lililokauka na kudondoka lenyewe, mbali na barabara. Lioshe, lirarue vipande vinne, litie kwenye chupa ya lita moja na nusu iliyojaa maji ya tangi la samaki. Ukikosa mkungu, ganda la ndizi lenye ukubwa wa vidole viwili linafaa. Funika mdomo wa chupa kwa kitambaa na uiweke mahali penye mwanga usio wa jua kali.

Siku ya pili au ya tatu maji yatakuwa na ukungu mweupe na harufu kidogo. Huo ni wingi wa bakteria; usilishe bado. Siku ya nne au ya tano ukungu unaanza kupungua, maji yanakuwa kama chai nyepesi, na ukiinua chupa mbele ya taa utaona vumbi linalotembea. Hao ndio vijidudu waliowala bakteria. Vuta kwa sirinji ya mililita 10 kutoka upande wenye mwanga, wape vifaranga mara tatu kwa siku, na rudishia maji uliyotoa. Chupa ikinuka kama mtaro, imwage. Anzisha nyingine kila baada ya siku nne ili usije ukakatikiwa.

Minyoo ya siki ni ya mtu ambaye hataki shughuli. Changanya siki ya tufaha na maji nusu kwa nusu, tia vipande vya tufaha na mbegu uliyopewa na mfugaji mwenzako, kisha isahau kwa mwezi mmoja. Chupa hiyo inaweza kukaa miezi kadhaa bila kuhudumiwa. Kuvuna, jaza siki yenye minyoo kwenye chupa yenye shingo ndefu hadi mwanzo wa shingo, sukuma pamba iguse siki, na juu ya pamba mimina maji safi. Minyoo inatafuta hewa, hivyo usiku kucha inapenya pamba na kupanda kwenye maji safi, nawe asubuhi unaivuta kwa sirinji bila siki. Inabaki hai kwenye tangi kwa siku kadhaa, ambayo ni faida kubwa kwa aliye kazini mchana kutwa.

Artemia: chupa ya saa 24

Kama ningeruhusiwa kubaki na chakula kimoja tu cha vifaranga, ningebaki na hiki. Artemia ni jamii ya kamba wadogo wa maji ya chumvi kali. Mayai yake hukauka na kulala kwa miaka, kisha huamka yakipata maji ya chumvi, hewa, joto na mwanga. Thamani yake kwa vifaranga ilijulikana miaka ya 1930, Marekani na Norway, na mayai mengi yanayouzwa madukani hutoka Great Salt Lake iliyoko Utah. Hata kwetu wapo: katika mashamba ya chumvi ya pwani ya Kenya, kaskazini ya Malindi, Artemia walipandikizwa miaka ya 1980 na wakaendelea kuzaana.

Gramu moja ya mayai mazuri ina mayai karibu laki mbili na nusu, kwa hiyo kopo dogo linadumu. Kinachoharibu mayai huku kwetu ni unyevu wa hewa. Siku unapofungua kopo, gawa mayai kwenye chupa ndogo kavu zinazofunga vizuri, weka moja ya kutumia, nyingine zote ziingie kwenye friji. Nimewahi kuacha kopo wazi juu ya kabati msimu wa masika. Mwezi uliofuata ni mayai machache mno yaliyotoka.

Sasa fuata hivi:

1. Kata kitako cha chupa ya maji ya lita moja na nusu, ifunge kifuniko imara, uigeuze mdomo uelekee chini na uisimamishe ndani ya kopo au chungu cha maua.

2. Mimina lita moja ya maji, tia chumvi vijiko viwili vya mezani vya kufuta, yaani gramu 30 hadi 35. Chumvi ya mawe isiyoongezwa kitu ndiyo nzuri. Aliye karibu na bahari anaweza kuchota maji ya bahari safi, mbali na mto na mitaro, akayachuja kwa kitambaa.

3. Ukitumia maji ya bomba na chumvi, ongeza magadi soda ya kuokea kwenye ncha ya kijiko cha chai. Mayai hayatoki vizuri kwenye maji yenye uchachu.

4. Tumbukiza mpira wa hewa mpaka shingoni, bila jiwe la hewa. Unataka mapovu makubwa yanayozungusha mayai yasituame.

5. Tia robo ya kijiko cha chai ya mayai. Usizidishe kwa tamaa.

6. Washa taa karibu na chupa, hasa saa za mwanzo.

Kwa joto la Dar watakuwa tayari baada ya saa 20 hadi 24. Arusha au Nairobi wakati wa baridi inaweza kufika saa 36, au utalazimika kuipasha chupa kwa balbu.

Uvunaji ndipo wengi wanapokosea. Zima hewa, subiri dakika kumi. Maganda matupu yataelea juu, mayai yasiyotoka yatatuama kabisa chini, na Artemia, ambao rangi yao ni ya machungwa, watakimbilia mwanga. Weka tochi ubavuni, chini kidogo ya katikati, wakusanyike hapo, kisha wanyonye kwa mpira mwembamba na kuwapitisha kwenye kitambaa kizito cha nailoni. Wasuuze kwa maji baridi ya kawaida ili usiingize chumvi kwenye tangi. Usinyonye maganda: yanaziba utumbo wa vifaranga wadogo, na kifaranga aliyeziba hapati dawa.

Anayechukia shughuli ya maganda anaweza kuyaondoa mapema. Loweka mayai kwenye maji baridi saa moja, yachuje, yatie kwenye Jik huku unakoroga. Yatabadilika kutoka kahawia kuwa kijivu, kisha machungwa, ndani ya dakika chache. Yakifika machungwa yatoe mara moja, yaoshe kwenye maji yanayotiririka mpaka harufu ya klorini iishe kabisa, ndipo uyatotoleshe. Fanya kazi hiyo nje, ukiwa na glavu, na watoto wakae mbali.

Walishe mapema. Artemia anapotoka kwenye yai amebeba akiba ya kiini, na akiba hiyo ndiyo lishe unayoinunua. Baada ya takribani saa nane huanza kuitumia mwenyewe, na kila saa inayopita anazidi kuwa mtupu. Waliobaki waweke kwenye friji ndani ya maji yao ya chumvi, kwenye chombo kipana chenye kina kidogo. Baridi inawapunguzia kasi na watafaa mpaka kesho yake. Katika maji ya tangi yasiyo na chumvi wanaishi saa chache tu, kwa hiyo toa kidogo kidogo.

Umeme ukikatika usikate tamaa. Chukua sahani bapa, mimina maji ya chumvi yenye kina cha sentimita mbili, nyunyiza mayai kidogo juu. Kwa kina hicho hewa inajipenyeza yenyewe. Funika nusu ya sahani kwa kadibodi nyeusi, na nyunyiza mayai upande wa giza. Wakitoka watahamia upande wa mwanga na kuacha maganda nyuma.

Moina: ndoo isiyokufa

Viroboto wa maji wako wa aina nyingi. Vitabu vya ulaya vinamsifu Dafnia, na ni kweli ni chakula kizuri, lakini anapenda maji ya nyuzi 18 hadi 24. Nilimpoteza mara tatu kabla sijakubali kwamba joto la hapa si lake. Moina, nduguye mdogo wa karibu milimita moja, anavumilia nyuzi 30 na upungufu wa hewa. Aliye milimani achukue Dafnia. Sisi wa pwani tuchukue Moina.

Mbegu yake inapatikana kwa wafugaji wengine, na pia kwenye madimbwi ya mvua yasiyo na samaki. Utamtambua kwa mwendo wake: nukta ndogo zinazoruka-ruka, mara nyingi zenye wekundu kidogo. Wekundu huo ni rangi ya damu inayoongezeka pale hewa inapopungua majini. Majike huzaa bila madume hali ikiwa nzuri, na kwa joto letu mtoto anakuwa mzazi ndani ya siku nne au tano. Ndiyo maana ndoo hujaa ghafla.

Jaza maji ya tangi lita 15 kwenye ndoo ya lita 20. Weka mahali penye mwanga wa asubuhi lakini pasipo na jua la saa saba. Hewa, kama unayo, iwe ya mapovu makubwa yanayopanda polepole; mapovu madogo hunaswa chini ya gamba lao na kuwafanya waelee juu mpaka wafe. Tia mbegu na usiwalishe siku ya kwanza.

Chakula chao bora ni maji ya kijani. Jaza chupa angavu kadhaa kwa maji machafu ya tangi, ziweke juani, na baada ya wiki zitakuwa kijani kama maji ya mchicha. Mimina nusu lita kwenye ndoo, ndoo ichukue rangi kidogo. Ikirudi kuwa angavu, mimina tena. Ukikosa kijani, koroga hamira kidogo, chini ya robo ya kijiko cha chai, kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, mimina polepole mpaka maji yawe na ukungu hafifu. Yakiwa bado meupe kesho yake asubuhi, usiongeze kitu. Nasisitiza hapa kwa sababu ndoo nyingi za Moina hazifi kwa njaa, zinafia kwenye hamira iliyozidi. Hamira inaoza, hewa inaisha usiku, na asubuhi unakuta vumbi la kijivu chini.

Wakifikia wingi wa kuonekana kama wingu, anza kuvuna robo ya ndoo kila siku. Hilo si hasara kwao. Ndoo isiyovunwa hujaa, hukosa hewa na kuanguka. Jioni, weka tochi juu ya ukingo, wapande, kisha wachote kwa kichujio cha kitambaa cha nailoni. Kila wiki toa theluthi moja ya maji kutoka chini pamoja na uchafu, ujaze maji ya tangi.

Uwe na ndoo mbili daima, moja ikitangulia nyingine kwa wiki mbili. Mimi nina tatu. Ndoo ikianza kuzeeka, Moina hutaga mayai ya kulala ambayo hubaki kwenye tope la chini. Usilimwage: lianike kivulini, likikauka lifunge kwenye karatasi, na siku utakayopoteza ndoo zote lirudishe majini, baadhi wataamka.

Minyoo ya uji na grindal

Minyoo ya uji ni midogo kama nywele, milimita moja hadi mbili. Pika uji mzito wa sembe au ngano, upoe, utandaze kwenye kopo la mtindi kwa unene wa sentimita moja na nusu, nyunyiza hamira kidogo, weka kijiko cha mbegu katikati. Toboa kifuniko na uzibe tundu kwa kitambaa ili nzi wadogo wasiingie. Siku ya nne minyoo inapanda kuta za kopo. Ifute kwa kidole safi, kisuuze kidole kwenye tangi. Inazama, hivyo inawafaa vifaranga wa chini. Kwa baridi kopo moja hudumu wiki tatu au zaidi; huku pwani linachacha baada ya siku kumi hivi. Kila Jumapili anzisha jipya.

Grindal ni minyoo myeupe ya karibu sentimita moja, na jina lake limetokana na mfugaji wa samaki wa Sweden aliyeitwa Grindal. Inaishi vizuri kwenye chenga za makumbi ya nazi, ambazo kwetu ni takataka za bure. Ziloweke, zibadilishe maji mara tatu mpaka rangi ya chai iishe, zikamue mpaka ukizifinya zisitoe maji. Jaza kopo lenye kifuniko nusu, tia mbegu, nyunyiza biskuti za paka zilizolowekwa, funika kwa kipande cha kioo. Minyoo itashika kwenye kioo. Kioshe ndani ya glasi ya maji na mimina. Lisha kile tu kinachoisha kwa siku moja. Adui wake mkubwa ni sisimizi, kwa hiyo kopo likae juu ya tofali ndani ya sahani ya maji, na maji ya sahani yabadilishwe kila siku ya tatu.

Kuna pia minyoo myeupe mikubwa inayohitaji nyuzi 10 hadi 20. Hiyo ni ya Lushoto na Limuru. Usimnunulie mtu wa Temeke.

Viluwiluwi vya mbu

Hakuna chakula kinachomfanya notho dume atoe rangi kama viluwiluwi, na ndicho anachokula porini. Hata hivyo mimi sifugi mbu. Siku moja jirani yangu, mama mtu mzima, alisimama uani akizitazama ndoo zangu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba mwanangu. Hizi ndoo si ndizo zinatuletea dengi?" Nilimfunulia moja baada ya nyingine aone chandarua na Moina ndani. Swali lake lilikuwa la haki. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu anayeieneza hutaga kwenye ndoo na makopo ya majumbani kama yetu. Kwa joto letu yai linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya wiki moja hivi.

Kwa hiyo navuna wale waliopo tayari: kwenye matairi, kwenye pipa la maji lililosahauliwa, kwenye vyungu vya maua. Unawachota kwa kichujio, unawasuuza, unawapa samaki kiasi watakachomaliza papo hapo, na chombo ulichowatoa unakimwaga na kukisugua kuta. Kusugua ni lazima, maana mayai ya mbu wa dengi hugandama ukutani na kustahimili ukavu kwa miezi. Wale waliojikunja kama alama ya mkato ni hatua ya mwisho kabla ya kuruka. Hao wapewe kwanza. Usichote mahali palipopuliziwa dawa.

Vya kuepuka

Minyoo myekundu ya mitaroni wengi wanaisifia, mimi siitaki. Inaishi kwenye maji taka na hubeba magonjwa ambayo kusuuza hakuyaondoi yote.

Ukichota Moina kwenye bwawa lolote, usiingie miguu mitupu. Vijidudu vya kichocho vinatoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, na maeneo kama kandokando ya Ziwa Victoria yana tatizo hilo kwa wingi. Tumia wavu wa mpini mrefu, buti na glavu. Kisha mwaga ulichochota kwenye beseni jeupe na ukague: watoto wa kereng'ende, ambao wana taya za kukamatia, watakula vifaranga wako wote.

Nyungunyungu wa bustani isiyo na dawa ni chakula kizuri kwa samaki wakubwa. Wakae siku nzima kwenye kitambaa chenye unyevu watoe udongo tumboni, ndipo uwakatekate.

Kiasi gani, na kwa nani

Vifaranga wale mara tatu au nne kwa siku, kidogo, na mabaki yanyonywe kila jioni. Samaki wakubwa nawapa chakula hai siku tatu kwa wiki, siku nyingine chakula kikavu, siku moja hawali kitu. Kiasi ni kile kinachoisha kwa dakika tatu hadi tano. Grindal ina mafuta, iwe mara moja kwa wiki.

Wenye samaki wa maziwa yetu wawe waangalifu zaidi. Tropheus wa Ziwa Tanganyika na mbuna wengi wa Ziwa Nyasa wanakwangua mwani kwenye mawe, na utumbo wao mrefu umeumbwa kwa kazi hiyo. Ukiwapa minyoo watakula kwa pupa, kisha watavimba tumbo na kufa. Kwao Moina kidogo waliojaa maji ya kijani wanatosha, na minyoo ya aina yoyote hapana.

Siku ya kulowesha mayai

Sasa nafanya hivi. Wiki mbili kabla, ndoo ya pili ya Moina inakuwa imeanza na kopo la minyoo ya uji limepandwa. Siku yenyewe, asubuhi, chupa ya kwanza ya Artemia inawekwa kwenye hewa. Jioni inafuata ya pili. Jioni hiyo hiyo namwagia mayai ya notho maji ya mtungi, kwa kuwa yana ubaridi kuliko ya chumbani na ubaridi huo unawaamsha, kina kisizidi vidole vitatu. Asubuhi nahesabu vifaranga, nawahamisha kwa kijiko, navuna chupa ya kwanza, na kudondosha Artemia kwa sirinji pale walipojikusanya. Kisha naweka tochi ubavuni mwa beseni na kusubiri. Baada ya nusu saa matumbo yao, ambayo yalikuwa kama kioo, yanakuwa na rangi ya machungwa. Yule ambaye tumbo lake bado ni jeupe namchota na kumweka kwenye kikombe chake, nimdondoshee Artemia puani, mpaka naye apate rangi.